Mtu Aliyebaki Chini

Gerard Pyka alikuja Jumamosi baada ya chakula cha mchana, amebeba sanduku tupu la ndizi aliloliomba dukani, na kabla hajavua viatu alikuwa ameshaomba radhi mara mbili.

"Niwie radhi, shemeji, nimekuletea tope. Na uniwie radhi kwa kazi yenyewe."

"Ingia bwana," Hilda alimjibu. "Tope nitalifuta. Kazi yenyewe ni ya Beata, si yako."

Beata ni bintiye Hilda, anakaa ng'ambo, Dortmund, na mumewe. Wiki ya pili tu baada ya mazishi ya baba yake, Ewald, alipiga simu akasema, mama, ile mashine ya baba ya kuchezea michezo kwenye runinga wape masista, watoto wa kituo chao wataifurahia. Hapo sebuleni itakula vumbi, maana wewe si mtu wa kuicheza. Hilda hakubisha. Masista walishaambiwa, nao walishashukuru, kwa hiyo neno lilikuwa limekwisha. Gerard alikuwa amekuja kufuta yaliyomo ili watoto waanze upya, kisha aichukue.

Gerard na Ewald walishuka mgodini zamu moja kwa miaka ishirini na miwili. Ewald alipoachishwa kazi kwa sababu ya mapafu, Gerard ndiye aliyemletea mchezo ule na kumfundisha. Nyumba yao iko ghorofa ya tatu na ngazi zake ni za enzi Wajerumani walipotawala huku, nyembamba na kali. Miaka mitatu ya mwisho Ewald alishuka kwa ajili ya daktari na Pasaka tu. Siku nyingine zote alikaa kitini kwake, bomba la hewa puani, akitembea milimani ndani ya runinga. Huko alikuwa na farasi na upanga, na nchi pana isiyokuwa na njia moja ya kufuata, unakwenda utakako.

Kila siku alimwita mkewe. "Hilda, njoo uone ziwa." "Hilda, hebu shika wewe kidogo, mimi nitakuelekeza." Naye alijibu kutoka jikoni kwamba viazi havijimenyi vyenyewe. Hakuwa na nia mbaya. Aliona ni mambo ya watoto, mzee mwenye masharubu meupe kushindana na mazimwi. Zaidi ya hapo aliogopa kile kidude cha kushika mkononi, ile pedi, jinsi kilivyojaa vitufe. Alihisi atabonyeza pasipofaa aharibu kitu ambacho Ewald alikijenga kwa miezi.

Gerard aliwasha mashine. Hilda alikuwa anaingia na kahawa na vipande viwili vya keki ya jibini. Akasimama mlangoni.

Kwenye runinga palikuwa na giza. Ndani ya giza hilo alisimama mwanamume mwenye mwenge mkononi, katika njia ya chini ya ardhi iliyotegemezwa kwa magogo, moja huku na moja kule, na moja juu limelala. Magogo ya namna hiyo Hilda aliyafahamu tangu utotoni. Hakuna mtoto wa mchimba makaa asiyeyafahamu.

"Huyo yuko wapi?"

"Mgodini. Mgodi wa zamani, watu wafupi wenye ndevu waliuchimba wakauacha. Umejaa mazimwi na dhahabu. Kama wetu tu, ukiondoa dhahabu."

"Yuko chini?"

"Chini sana, shemeji. Hapa ndipo Ewald alipoishia siku ile ya gari la wagonjwa."

Hilda akaweka sinia juu ya kabati, pasipo mahali pake.

Siku ile aliikumbuka vizuri kuliko alivyotaka. Vijana wawili wa hospitali walikuwa ngazini na machela, midomo ya Ewald imekuwa ya kijivu, naye bado ameshika pedi. Alisema, "Ngoja nimtoe kwanza, Hilda. Dakika kumi." Yeye akamwambia aache utoto, akaizima mashine kwa mkono wake. Baadaye alidhani mume wake alikuwa ameanza kuweweseka, maana nani alikuwa wa kutolewa pale zaidi ya yeye mwenyewe? Siku nne baadaye Ewald alifariki.

"Basi," Gerard alisema, "nafuta. Hainichukui hata dakika."

"Usifute."

Gerard akageuka.

"Mtu haachwi chini," Hilda alisema.

"Shemeji, hii ni picha."

"Najua ni picha. Hata baba yangu nilibakiwa na picha yake tu."

Huku kwetu hakuna asiyejua habari ya Hilda na baba yake. Alikuwa na miaka saba moto ulipowaka mgodini. Moto wa makaa hauzimwi kwa maji, unanyimwa hewa. Kwa hiyo wakubwa waliamuru njia ile izibwe kwa matofali, na nyuma ya matofali walikuwapo watu tisa, baba yake mmojawapo. Walisema hakuna aliyekuwa hai. Ukuta haukufunguliwa tena. Kaburi la baba yake lina jina na msalaba, ndani hamna mtu. Siku ya Watakatifu Wote, watu wote walipopeleka mishumaa makaburini, mama yake aliwasha wake kwenye lango la mgodi, na walinzi walimwacha.

"Haya," Gerard alisema kwa sauti ya chini. "Nitamtoa. Kunywa kahawa, mimi nitamtoa."

Akashika pedi, na yule mtu akapiga hatua nne ndani ya giza. Hilda alimtazama anavyokwenda. Gerard angemtoa, hilo halikuwa na shaka. Lakini siku ile aliyeizima mashine hakuwa Gerard, alikuwa yeye.

"Simama," alisema. "Na mimi nikishika, nikikosea, inakuwaje?"

"Atakufa."

"Atakufa?"

"Atakufa, halafu atarudi nyuma kidogo, uanze tena. Huo ndio mchezo."

"Hafi kabisa?"

"Hafi kabisa."

"Mgodi mzuri huo," Hilda alisema.

Alifuta mikono kwenye aproni, akavuta stuli ya jikoni. Kiti cha Ewald hakukikalia. Alikaa na mikono mapajani, na Gerard akimwonyesha pedi kama mtu anayemwonyesha mwenzake mtoto mchanga asijue atampokea au hatampokea. Miaka mitatu alikuwa ameombwa jambo hili kila siku, na aliyeomba alitaka tu mtu wa kukaa naye. Sasa kukubali kulikuwa kama kufika kwa mtu na zawadi baada ya wenyeji kuhama. Na kama atamwua mtu wa Ewald? Hata akirudi, aliyemwua atakuwa Hilda.

"Unaweza kukataa, shemeji," Gerard alisema. "Hakuna anayekulaumu."

"Lete."

Mwanzo ulikuwa aibu tupu. Mtu wa Ewald alijigonga ukutani, akageuka, akajigonga tena.

"Shemeji, huo ni ukuta. Umeshausalimia mara tatu."

"Nyamaza. Kitufe cha kusimama kipi?"

"Ukiacha kubonyeza, atasimama."

"Mbona anatembea hivi, kama anakwenda kuungama? Hakimbii?"

Gerard akabonyeza kitu, ikatokea orodha ndefu. "Amebeba mno. Mzigo ukizidi, hawezi kukimbia. Tazama mwenyewe. Magurudumu ya jibini, yale mabonge ya duara, thelathini na moja. Maua makavu. Nyundo sita. Buti za watu ambao hata sijui ni akina nani. Ewald hakuweza kupita kitu asikiokote."

"Stoo yetu ndivyo ilivyo. Ina taa za baiskeli ambazo baiskeli zake zilishakufa."

"Basi tupa jibini, atakimbia, tutafika juu upesi."

"Situpi."

"Ni jibini la uongo, shemeji."

"Alhamisi nimetoa makoti yake na viatu vyake. Wiki hii sitoi kingine. Atakwenda polepole."

Wakaenda polepole. Kahawa ilipoa, keki haikuguswa. Gerard alielekeza: kushoto, ngazi, sasa inama, hapa usikanyage hilo jiwe. Hilda alishika pedi kwa mikono miwili kama usukani wa lori na hakupepesa macho. Katika ukumbi mpana uliojaa nguzo, kitu kirefu chenye miguu mingi kilishuka kutoka darini. Alibonyeza vitufe vyote kwa pamoja. Upanga ulikata hewa, runinga ikawa nyekundu, na mtu wa Ewald akaanguka kifudifudi juu ya mwenge wake.

Hilda aliinuka bila neno, akaenda jikoni, akafungua bomba la maji akaliacha lichuruzike. Gerard alimfuata hadi mlangoni akasimama hapo na soksi zake.

"Karudi," alisema. "Njoo uone. Karudi kabisa, yupo kwenye ngazi zile, na jibini lake lote."

"Nasikia."

"Njoo basi."

"Nipe muda kidogo, Gerard."

Alikuwa hajalia makaburini. Watu walimsifu kwa ustahimilivu, naye hakuwa na nguvu ya kuwaambia kwamba hakuwa anastahimili chochote, ila alikuwa hajaufikia msiba wenyewe. Sasa alilia, ameinamia sinki, na Gerard alitazama dirishani muda wote huo, akihesabu njiwa.

Alinawa uso kwanza, akarudi, akakaa.

"Tusipigane na yule mdudu," alisema. "Hakuna njia ya pembeni?"

"Ipo. Zima mwenge, tambaa ukutani. Ewald asingekubali, angepigana."

"Ewald hayupo."

Walizima mwenge. Walitambaa gizani, mtu mzito na mzigo wake, mwili wa yule mdudu ukisikika ukijikuna juu ya vichwa vyao. Hata wao sebuleni walishusha sauti. Nyuma ya ukumbi palikuwa na njia ya kupanda, ndefu, yenye reli za vigari vya mawe, na mwisho wake nukta nyeupe. Hilda hakuhitaji kuelekezwa tena. Nukta ikawa dirisha, dirisha likawa mlango, na mtu akatoka kwenye theluji na jua.

Gerard alivua kofia. "Mungu atie heri," alisema, kama wanavyosema wachimbaji wanapoachana pale juu.

"Mungu atie heri," Hilda aliitikia.

Milima ilikuwa mingi, mmoja nyuma ya mwingine, na chini bonde na mto, na moshi wa kijiji. Hakuwa amejua kwamba ni pazuri hivyo. Ewald alikuwa amemwambia, lakini mtu akikuambia ziwa ni zuri unasikia neno ziwa tu.

"Na sasa?" aliuliza.

"Sasa utakavyo. Mashine ikae hapa, mimi nitawaambia masista imeharibika. Padri atanisamehe, ananidai makubwa zaidi."

Hilda aliiweka pedi mapajani. "Hapana. Nilitaka atoke tu. Aliye juu mtu anaweza kumuaga."

"Nifute, basi?"

"Nitafuta mimi. Nionyeshe wapi."

Alimwonyesha. Mashine ikauliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo. Ikauliza mara ya pili, na Hilda akafikiri kwamba hospitalini hakuna aliyemwuliza hata mara moja. Akabonyeza ndiyo. Mtu na milima na magurudumu thelathini na moja ya jibini vikatoweka, na palipobaki pakaandikwa: Anza safari mpya.

Gerard alizungusha nyaya, akapanga vyote ndani ya sanduku la ndizi pamoja na gazeti. Alipokuwa anavaa viatu, Hilda aliuliza, "Ule mlima mkubwa, wa nyuma kabisa. Kuna nini ng'ambo yake?"

"Sijui, shemeji. Mimi nilipita njia nyingine."

"Na Ewald, alifika?"

Gerard alichelewa kwenye kamba ya kiatu. "Hakufika. Nilimwuliza mara nyingi kwa nini anauzungukazunguka tu kama paka. Akasema ule anauweka akiba. Atapanda siku utakapokubali kukaa naye."

Hilda akaitikia kwa kichwa. Alimfungulia mlango, akashika sanduku upande mmoja kumsaidia kulipitisha pembe ya ukuta, kisha akasimama kwenye kizingiti akisikiliza hatua zake zikishuka, ghorofa ya pili, ya kwanza, mpaka mlango wa chini ukagonga.