Ghala la Injinia

Baba yangu hajawahi kukanyaga chuo chochote cha ujenzi, lakini mtaa mzima unamwita Injinia, na jina hilo alijipa mwenyewe. Ghala la majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba alilijenga kwa mikono yake kabla sijazaliwa. Lilivuja tangu mvua ya kwanza. Utoto wangu wote umeishia humo na ndoo na tambara, huku Injinia akilaumu upepo, kisha ndege, kisha muuza mabati. Fundi yeyote aliyejitolea kupanda kuangalia alifukuzwa kama mwizi.

Sasa boriti zimeoza na magoti ya baba yamegoma. Mume wangu, ambaye ni fundi cherehani, akasema ataliezeka upya. Baba alicheka mpaka akakohoa. Tangu tuoane hajamwita mkwe wala mwanangu, anamwita Vifungo. Mume wangu hujifanya hasikii, lakini mimi ndiye ninayelala naye, najua linavyomuuma.

"Akiharibu huyo Vifungo wako, nalivunja lote niuze kuni," baba akaniambia.

"Likiharibika kuliko lilivyo, baba, nitampigia makofi."

Tulipoanza kubomoa, baba aliburuta kiti chake cha plastiki akakaa karibu na ngazi kutusimamia. Hakusema neno, na hiyo si kawaida yake. Injinia humwelekeza hata mtu anayekunywa maji.

Kule juu mume wangu aling'oa bati la kwanza, la pili, akatulia. Akaniita kwa kidole, nikapanda. Mabati ya juu yalikuwa yamechomekwa chini ya yale ya upande wa chini, badala ya kuyalalia. Paa zima. Kila tone lililoteremka lilikuta mlango wazi, likaingia ndani bila hodi. Hata kuku kapangwa manyoya vizuri zaidi.

Hasira zikanipanda. Ndoo zote zile. Nikafungua mdomo nimwage mtama, mume wangu akanibana mkono.

"Funika kombe," akaninong'oneza.

"Mnaona nini huko?" baba akauliza.

Sauti yake ilikuwa ndogo; sikuwahi kuisikia hivyo. Ndipo nikajua kwamba mzee alijua, miaka yote, na kwamba sasa anamwogopa Vifungo.

"Kutu, baba," mume wangu akajibu. "Mabati yamechoka tu. Kazi yenyewe ilikuwa safi."

Nilimnunia siku nzima. Lakini nilimshikia misumari. Tukabadilisha boriti, tukaezeka kuanzia chini kwenda juu, kila bati likililalia la chini yake.

Mvua ilipokuja, baba aliingia ghalani na ndoo, akaiweka palepale pa siku zote, akaketi kusubiri. Mvua ikapiga paa, ikapiga, ndoo ikabaki kavu. Sisi tulisimama mlangoni tukilowa migongo. Mzee aliangalia juu kwa muda mrefu, kisha akamwangalia mume wangu.

"Wewe ni mwongo," akamwambia.

"Ndiyo, baba."

"Ingia ndani, mwanangu. Unalowa."

Mume wangu akaingia kainamisha kichwa, tusimwone macho. Mimi sikukaribishwa na mtu. Nikaingia tu, nikaipindua ile ndoo, nikaikalia.