Hodi Ndani ya Uvimbe Wangu

Jana mchana, baada ya wali na mchicha, niliota niko ndani ya uvimbe wangu mwenyewe. Ndiyo, ule ule niliotolewa titini, ukapelekwa maabara. Daktari alinieleza vizuri: "Bi Somoe, tunatafuta vipokezi vya homoni. Vikiwepo, vidonge vitakusaidia na matumaini ni makubwa zaidi. Visipokuwepo, njia itakuwa ngumu." Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu.

Basi niko ndani. Ni mtaa, jamani! Nyumba zimebanana, hakuna hata pa kuanikia nguo. Uvimbe umekaa barazani unatafuna karanga.

"Umefuata nini?" unaniuliza.

"Vipokezi."

"Piga hodi. Nyumba ikiitikia, kipokezi kimo. Zile zisizoitikia hazina adabu, hata mimi naziogopa."

Napiga hodi nyumba ya kwanza. Kimya. Ya pili, kimya. Sitaki kufa, nasema wazi, bado nautaka uhai wangu. Naanza kulia pale pale, mtu mzima mimi.

"Hodi gani hiyo ya kunong'ona?" mlango unanisuta. "Umekuja kuomba chumvi?"

Nakaza koo, napiga ukelele. "HODIII!"

"Karibuuu!" mtaa mzima unaitikia, na kila nyumba inatoa kiti cha mgeni nje.

Hapo anatokea mama wa makamo, kajifunga khanga mpya, mkononi hotipoti ya pilau. Anajitambulisha: Bi Estrojeni, homoni yangu mwenyewe.

"Kumbe wewe ndiye unayeunenepesha huu uvimbe!"

"Nakaribishwa, nakaa, nagawa chakula. Nikatae, nionekane naringa?"

Kabla hajakaa, kidonge cheupe kinakuja kinabingirika, kinapanda kitini, kinakunja nne.

"Samahani, hapo ni pangu," anasema Bi Estrojeni.

"Nimeshakaa."

"Unaondoka lini?"

"Baada ya miaka kadhaa."

Anageukia nyumba ya pili. Kidonge. Ya tatu, kidonge. Pilau linapoa. Uvimbe unaanza kulia njaa, nami nauonea huruma kidogo, mpaka nakikumbuka kisu cha daktari. Huruma inaniisha.

Nikashtuliwa na simu. Alikuwa muuguzi wa kliniki, binti mwenye sauti ya upole.

"Bi Somoe, majibu yametoka. Vipokezi vipo, tena karibu kila mahali walipoangalia. Njoo kesho, daktari akuanzishie vidonge."

Nikafungua kinywa nishukuru. Sauti haikutoka. Koo lilikuwa limekauka na kukwaruza, sauti imenipotea kabisa, na mafua sina.

"Bi Somoe? Upo?"

Mume wangu, Mzee Shomvi, akaingia, akanikuta nalia na kucheka bila sauti. Akaichukua simu.

"Yupo," akamwambia. "Yupo, mwanangu. Yupo."