Vipimo vya Saa Sita

Nilikuwa nimeshafunga umeme katika nyumba thelathini na moja za mji wa Amu, ambao wageni huuita Lamu, kabla ya mwanamume yeyote kuniita fundi. Nazitaja kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaopenda kusimulia kwamba kazi nimeianza juzi tu, kampuni ilipokuja kujenga kituo cha data huku bara, mwendo mfupi kutoka Mokowe. Wanasema nilibahatika. Bahati gani hiyo inayopanda ngazi na koleo mdomoni?

Niliporudi kutoka chuo cha ufundi Mombasa, nilikwenda moja kwa moja kwa Fundi Khatib. Wakati huo hakuna taa iliyowaka mjini bila mkono wake kupita. Alikisoma cheti changu mbele na nyuma kama mtu anayekagua noti, akanirudishia.

"Cheti ni kizuri, Bi Alawiya," alisema. "Lakini mwana wa kike hakwei ngazi kwenye nyumba za watu. Tafuta ndia nyingine."

Alichosahau ni kwamba nyumba za watu mchana hazina wanaume. Bwana yuko dukani au kazini, na soketi ikianza kutoa moshi saa nne asubuhi, Bi aliye peke yake ndani hatamfungulia mlango fundi asiyekuwa maharimu wake. Aliniita mimi. Akamwambia dada yake, naye akamwambia jirani yake. Hivyo ndivyo nilivyozipata nyumba thelathini na moja, na katika baadhi yazo nilikuwa nikirekebisha alichokifunga Khatib.

Kituo cha data ni nyumba ya kompyuta tu. Makabati ya chuma, marefu kumpita mtu, yamepangwa safu kwa safu, yanakula umeme usiku na mchana, na hayatakiwi kuzimika hata kwa sekunde moja. Injinia wa kampuni, Bi Kemunto, alitoka Kisii na hakuuliza mimi ni mwana wa nani. Alinipeleka mbele ya bodi ya swichi akasema ameiharibu mwenyewe, nitafute makosa. Nilipata matatu. Yeye alikuwa ameweka mawili. Siku ya pili yake nikaanza kazi, buibui juu ya ovaroli, nikishuka mashuani nalikunja na kulitia mkobani.

Khatib naye aliajiriwa. Yeye aliongoza kundi la kazi za nje, mimi nikapewa vipimo: kila waya uliofungwa, mimi ndiye niliyeupima na kutia sahihi kwenye fomu. Hakupenda. Nilimwamkia kila asubuhi kwa heshima zote, maana nilijua hilo linamuudhi zaidi.

Ukumbi wa kwanza wa kompyuta ulipokaribia kwisha, Bi Kemunto aliniita ofisini kwake, kontena lenye kiyoyozi kinacholia. "Ukumbi huu ukipita ukaguzi wa Jumatano," alisema, "wa pili ni wako. Msimamizi wa umeme. Mafundi kumi na wanne."

Nilikitaka cheo kile. Sitajifanya mnyenyekevu. Nilikitaka mpaka chakula kikawa hakinishuki. Nilikuwa nimeshalipanga kundi langu kichwani, nani atafunga kebo, nani atafunga bodi, na nani atatumwa tena chuoni kwa sababu hajui kushika bisibisi.

Jumapili, siku tatu kabla ya ukaguzi, nilikuwa nyumbani. Mwezi ulikuwa umeandama juzi yake. Adhuhuri bibi yangu, Mwanamkisi, alikuwa uani akigombana na kamba ya kisima.

"Kamba haifiki," alinilalamikia. "Mai yako tini. Nimekwambia unitekee asubuhi yakiwa yuu, wewe ukalala."

Nilimpokea ndoo, nikasimama nayo. Kisima chetu hupanda na kushuka pamoja na bahari. Bahari ikijaa, maji yako karibu. Ikipwa, unaongeza pima mbili za kamba. Nimekulia kwenye kisima kile, nikipigiwa kelele za namna hiyo tangu nina miaka sita. Nililijua jambo hilo kama ninavyolijua jina langu, na sikuwahi kulichukua kwenda nalo kazini.

Nieleze vizuri, kwa sababu kosa hili ni letu watu wa Amu, na mgeni asingeweza kulifanya. Kila jengo lenye umeme lina athi, yaani vyuma vya shaba vilivyopigiliwa ardhini ili umeme ukipotea uzame huko badala ya kumpitia mtu. Ardhi ikiwa na maji ya chumvi, umeme huzama upesi. Ardhi ikiwa kavu, hauzami. Unapima kwa mita, kwa omu, jinsi ardhi inavyouzuia umeme: kwa jengo letu ilitakiwa omu moja au chini yake.

Kiwanja kiko kando ya mlango, yaani mkono wa bahari wenye mikoko na usio na kina. Wiki za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa kabisa alfajiri na jioni, basi mashua yetu huingia mpaka kwenye geti la kiwanja na jioni hututoa. Wiki za maji mafu, bahari isipojaa sana, tunashuka Mokowe, tunangoja lori, na tunafika jua limeshakuwa kali. Kwa hiyo, bila hata kukaa na kukubaliana, tulipanga kazi zetu kama wazee wetu walivyopanga zao, kwa maji. Kazi za nje tuliziweka bamvua, asubuhi, mara tu tunaposhuka. Wiki nyingine tulifanya za ndani. Athi nilikuwa nimeipima mara tatu, na mara zote tatu bahari ilikuwa imejaa, iko chini ya miguu yangu. Nukta nane, nukta nane, nukta saba. Nikatia sahihi, na Bi Kemunto akanisifu mbele ya watu.

Jumatatu nilipima saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nukta nane. Sikumwambia mtu. Saa sita, wenzangu wakielekea kula, nilirudi na mita yangu kwenye shimo la athi. Mlangoni kote tope lilikuwa jeupe kwa jua.

Sita nukta tatu.

Nilisafisha vibanio nikarudia. Sita nukta tatu. Nilihamisha vijiti vya kupimia, nikarudia. Sita nukta nne. Nilikaa chini pale pale.

Sikujua kwamba Khatib alikuwa nyuma yangu. Aliisoma mita, akatazama mlango uliopwa, na hakuhitaji kuelezwa. Yeye pia kwao kuna kisima.

"Funika shimo hilo," alisema.

"Fundi, umeona mwenyewe."

"Nimeona. Mkaguzi yuwaya Jumatano asubuhi. Atapima asubuhi, atapata atakacho, atakwenda zake."

"Na umeme ukipotea saa sita mchana? Mtu akiwa ameshika kabati?"

Alichuchumaa, akapunguza sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kusema nami bila kejeli. "Wakiyua, unafikiri watanena nini? Watanena waliyua tangu mwanzo. Kazi wamempa mwana wa kike, tena wa Amu. Hawatakuona wewe tu, watatuona sote. Na ukumbi wa pili usahau."

Maneno hayo yaliniingia kwa sababu yalikuwa kweli. Niliwaona tayari, wale wa barazani, wakitikisa vichwa kwa raha. Nilimwona kila mwanamume aliyewahi kunishikia ngazi akisubiri nianguke. Halafu hasira ikanipanda. Kama cheo changu kinataka mtu aungue ili nisiaibike, basi cheo hicho si cha fundi, ni cha mwoga, na mwoga sijawahi kuwa.

"Wacha wanene," nilimwambia.

Niliingia ofisini kwa Bi Kemunto na tope langu miguuni, nikaomba faili la athi. Nilizikata tarakimu zangu zote tatu kwa mstari mmoja mmoja, nikatia sahihi kando ya kila mstari. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika hali ya bahari. Nilichukua rula nikaongeza safu, juu yake nikaandika: Maji. Chini nikaandika: makavu, saa sita, omu sita nukta tatu, haifai.

Alisoma mpaka mwisho. Kisha akaitupa kalamu yake mezani. "Alawiya, sahihi tatu hapa zote ni zako!"

"Na ya nne ni yangu pia."

"Unajua ukaguzi ukiahirishwa kitatokea nini?"

"Najua. Njoo kesho saa sita upime kwa mkono wako. Ukipata chini ya moja nitaondoka na mashua ya jioni, nisirudi."

Alikuja. Alipima mwenyewe mara nne, jasho likimdondoka kutoka chini ya helmeti. Mara zote nne ilikuwa juu ya sita. Jioni ile ukaguzi uliahirishwa kwa wiki sita, na asubuhi yake akaniita tena kontenani.

"Ukumbi wa pili nimempa Khatib," alisema. Hakunitazama. "Makao makuu wanataka msimamizi ambaye fomu zake hazina mikato."

"Khatib fomu zake hazina mikato kwa sababu hakuwahi kupima kitu."

"Nimekusikia. Sina la kufanya."

"Mimi ninalo. Sitaacha kazi. Kama mlidhani nitajiondoa mwenyewe ili nyinyi msione haya, pole zenu."

Nililia mashuani, uso nimeugeuzia upande wa kisiwa cha Manda ili wenzangu wasinione. Sikulia kwa huzuni. Nililia kwa sababu nilikuwa sahihi na nimepoteza, na hakuna kitu kinachouma kama hicho. Bibi aliponiuliza nilimwambia kamba yake imenigharimu ukumbi mzima. Hakuelewa, lakini alinikatia papai.

Kazi ya kwanza ya Khatib na mafundi wake kumi na wanne ilikuwa athi hiyo: kwa wiki sita vile vyuma viliunganishwa kimoja juu ya kingine, vikapigiliwa mpaka mita tisa, kwenye maji yasiyoondoka hata bahari ikipwa vipi. Nilipiga nyundo pamoja na wengine. Khatib alinipa amri na mimi nikazitii, isipokuwa mbili zilizokuwa za kijinga. Hakuzirudia. Ukucha wa kidole gumba uliniingia damu, ukawa mweusi.

Asubuhi ya vipimo vya mwisho ilikuwa bamvua tena. Tulishuka kwenye maji yaliyojaa. Khatib, kwa mazoea ya miaka yake yote, alikwenda moja kwa moja shimoni, akafunua kifuniko, akachukua mita.

Nilimpita, nikakirudisha kifuniko mahali pake, nikakikalia.

"Bi Alawiya, ondoka," alisema.

"Saa sita."

"Mimi ndiye msimamizi hapa."

"Kweli. Na mimi ndiye nimekalia shimo. Hakuna atakayepima athi hii bahari ikiwa imejaa. Kama una haraka, niite mlinzi aje aninyanyue, uone nitakavyopiga kelele mpaka Mokowe wasikie."

Mafundi kumi na wanne walisimama na vyombo vyao, wakitutazama kwa zamu. Halafu Madi, mpiga nyundo, kijana wa Siyu asiyesema maneno kumi kwa siku, aliweka nyundo chini akakaa mchangani kando yangu. Mwingine akakaa. Khatib alibaki amesimama kwa muda na mita yake mkononi. Kisha naye akakaa, mbali kidogo, kinyume chetu, kama mtu aliyekaa kwa hiari yake. Jua lilitupiga. Maji yalipungua taratibu mpaka mizizi ya mikoko ikawa nje.

Saa sita niliinuka. Khatib alipima, mimi nikamsomea. Nukta sita. Tukarudia. Nukta sita. Tukarudia mara ya tatu, na Madi akacheka kwa sauti.

Khatib aliichukua fomu. Safu yangu ilikuwa bado ipo, imepigwa rula upya. Aliitazama, kisha akaninyooshea ubao wenye fomu na kalamu. "Andika wewe," alisema. "Mimi ningepima asubuhi."

Niliandika: Maji, makavu. Saa sita. Omu nukta sita. Inafaa. Chini kabisa palikuwa na mstari wa jina la msimamizi. Kalamu haikusita. Niliandika Alawiya, na jina la baba yangu, kwa herufi kubwa.

Bi Kemunto alikuja akiwa na haraka, mkaguzi akimngoja getini. Aliisoma fomu juu mpaka chini, kidole chake kikasimama mwishoni.

"Hapa ni mahali pa msimamizi."

"Naona."

"Msimamizi ni Khatib."

Nilifungua mdomo, lakini Khatib alinitangulia. "Msimamizi," alisema, akijifuta jasho, "ni huyu aliyetukalisha yuani tangu saa kumi na mbili, na hakuna aliyeondoka."

Bi Kemunto aliwatazama mafundi, mmoja mmoja. Hakuna aliyeinamisha macho. Alilitazama neno Maji, akazitazama tarakimu, akautazama ukucha wangu mweusi juu ya ubao. Nilikuwa tayari kumjibu neno lolote atakalotoa, na nilikuwa nimeshalipanga jibu.

Alichukua kalamu mkononi mwangu, akatia sahihi yake chini ya yangu.