Vumbi la Jumatatu

Mimi si mwizi. Nalitanguliza hili kwa sababu kuna mtu mwenye ofisi, kiti cha kuzunguka na boksi la tishu anayesema kinyume chake, na sauti yake inafika mbali kuliko yangu.

Kazi yangu ilikuwa kumwagilia maua ya ndani. Kampuni ilikodisha mimea kwa maofisi, mahoteli na zahanati, nasi tulizunguka na ndoo, makopo yenye midomo mirefu na vitambaa, tukamwagilia, tukafuta majani, tukaondoa kilichokufa kabla mteja hajakiona. Miaka tisa nimeifanya. Bosi tulimwita Bwana Tishu, akiwa hayupo bila shaka, maana hakuweza kuona alama ya kidole mezani akatulia.

Juu ya meza yake lilikaa ua moja asilomkodishia mtu yeyote. Lina shavu moja pana, jeusi kama biringanya, na katikati ya shavu kimesimama kijiti. Wageni aliwaambia kwamba hakuna la pili lake. Ila yake ilikuwa moja tu: kijiti kikikomaa kilimwaga unga, ule unaoitwa chavua, ukaangukia makaratasi yake. Kila Jumatatu alininyooshea kidole nifute, nitupe, nisibakize hata chembe. "Toa uchafu huu," ndivyo alivyosema. Neno hilo usilisahau.

Siku moja nilimuuliza kama ua kama lile linaweza kuzaa mbegu. Alicheka mpaka akajifuta machozi, kwa tishu, akasema mbegu ni kazi ya wataalamu wenye maabara, mimi nishike kopo langu. Nilishika kopo langu. Lakini kicheko kile kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na mimi kitu kikinikaa kooni sina subira nacho.

Nyumbani nilikuwa na ua jeupe la jamii hiyohiyo. Lilikuwa limeoza mizizi, na Bwana Tishu mwenyewe aliniambia nilitupe jalalani au nilichukue, kwake ni mamoja. Nikalichukua, nikalikata mizizi mibovu, nikaliweka kwenye dirisha la jiko ambapo jua la asubuhi linaingia kidogo. Naishi na shangazi yangu, mkunga mstaafu, katika vyumba viwili vya ghorofa ya pili. Alilitazama ua langu akauliza kama nimeanza kuleta wagonjwa nyumbani.

Kuhusu mbegu hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kufuta. Ukifuta maua mia kwa wiki utaona kwamba kijiti kikiwa kichanga kinatoa jasho, vitone vinavyonata kama asali. Hapo ndipo kinapokea. Siku chache baadaye kinakauka, kisha ndipo kinamwaga unga. Ua moja haliwezi kujitosheleza: likiwa na jasho halina unga, likiwa na unga jasho limeshakauka. Langu jeupe lilichanua moja moja, kwa ubahili, kwa hiyo lingekaa tasa maisha yake yote. Mara mbili nililipaka unga wake wenyewe nikiwa sijalijua hili, kijiti kikakauka na kunyauka, nami nikakasirika siku nzima.

Jumatatu moja nilifuta unga wa ua jeusi kama nilivyoagizwa. Badala ya kuukung'utia kwenye pipa, niliukung'utia kwenye karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ile inayong'aa, nikaikunja mara nne, nikaiweka mfukoni. Nyumbani niliitia kwenye friji nikisubiri ua langu litoe jasho. Shangazi alikuta kikaratasi, akakifungua, akaona unga, akaja nacho jikoni na kijiko mkononi kuutia kwenye mchuzi. Nilimdaka dakika ya mwisho. Tangu siku hiyo vikaratasi vyangu vyote viliandikwa SI KIUNGO.

Jasho lilipotoka niliazima brashi ya wanja ya shangazi. Nikaichovya kwenye unga, nikapitisha kwenye kijiti taratibu, juu mpaka chini, siku tatu mfululizo. Shangazi alisimama nyuma yangu mikono kiunoni. Akasema amezalisha nusu ya mtaa huu lakini kushuhudia jambo hili linavyoanza hajapata kuombwa.

Baada ya miezi miwili kijiti kilianza kunenepa. Shangazi alikoma kucheka. Akawa analikagua kila asubuhi, akaning'iniza kalenda ukutani, akanikataza kulisogeza. Ilipotimia miezi saba vilichomoza vijitunda vya njano vikining'inia kwenye nyuzi zake. Tukavikamua, tukaosha ute kwenye chujio la chai, tukapata mbegu thelathini na nne. Nilizilaza juu ya tishu mbichi ndani ya bakuli lenye kifuniko. Ndiyo, tishu.

Zilichipua kumi na tisa, zikabaki kumi na moja. Karibu miaka mitatu niliziangalia kabla ya kufunga mlango kwenda kazini, na niliporudi niliziangalia kabla ya kuvua viatu. Ya kwanza ilipochanua, shavu lake lilikuwa rangi ya zambarau iliyokolea, ukingo mweupe kote, na kijiti cheupe pe. Bwana Tishu hana kama lile. Hakuna mtu aliyekuwa nalo isipokuwa mimi. Nilikaa sakafuni nikalia, wala sioni haya kusema.

Kosa lilikuwa la shangazi, naye anakiri. Alipiga picha, ua lile mbele na wenzake kumi nyuma, akawatumia wakunga wenzake wastaafu, akaandika "mjukuu wangu". Mwenzake mmoja ana binti anayefanya kazi kwenye hoteli iliyo mteja wetu. Wiki haikuisha, picha ikawa kwenye simu ya Bwana Tishu.

Aliniita Jumatatu. Kwanza alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: nina mikono ya baraka, angejua mapema angenipandisha cheo. Kisha akasukuma karatasi mbele yangu, na kalamu juu yake. Ilisema mimea yote kumi na moja ni mali ya kampuni, nami nitaikabidhi kabla ya Ijumaa.

Nikamwambia ile ni yangu. Akasema mama yao ametoka kwake. Nikamkumbusha kwamba mama yao alimtupa jalalani kwa mdomo wake mwenyewe. Akasema basi baba ni wa kampuni, nimechukua chavua yake bila ruhusa, na kuna neno kwa watu wanaofanya hivyo.

Alipokuwa akisema hayo ua jeusi lilikuwa katika siku zake za kumwaga. Unga ukaanguka juu ya karatasi yangu, palepale pa kutia sahihi. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye boksi. Akavuta tishu, akafuta, akaikunja, akaitupa kwenye pipa.

"Bosi," nikasema, "umetupa nini hapo?"

"Uchafu tu. Tuendelee."

Kisha akasikia alichokisema. Nilimwona anavyokisikia, kuanzia masikioni.

"Basi mimi nimeotesha uchafu," nikasema. "Na uchafu hausainiwi."

Uso ukamkauka. Akasema nisaini au nirudishe ndoo leo. Nisidanganye, niliogopa. Miaka tisa si mchezo, na shangazi anakula kwa mkono wangu. Lakini niliwaza mimea yangu kumi na moja ikipangwa juu ya meza kama hii, mtu akiwaambia wageni kwamba hakuna ya pili yake. Nikairudisha kalamu kwenye kikombe chake. Nikainama, nikachukua pipa.

"Acha hilo," akasema.

"Ni Jumatatu, bosi. Pipa ni kazi yangu mpaka nitoke getini."

Nilipofika mlangoni ndipo alipoelewa. Alifumbua mdomo. Katibu wake alikuwa amekaa palepale nje, mlango wazi, na kumwomba mfanyakazi aliyemfukuza amrudishie tishu chafu kulihitaji maelezo. Akafumba. Nikaenda zangu, pipa nikaliacha kwa mlinzi, tupu.

Nyumbani shangazi alikuwa jikoni. Akatazama saa, akatazama mikono yangu isiyo na ndoo.

"Wamekufukuza."

"Wamenifukuza. Sikusaini."

Akazima jiko. Alilia kidogo, kwa sababu ya ile picha, nikamwambia anyamaze. Kisha akanionyesha dirishani kwa kidevu. Ua la zambarau lilikuwa limefungua shavu la pili asubuhi hiyo, na kijiti kilimeta jasho kutoka juu mpaka chini.

Nikatoa tishu mfukoni, nikaikunjua mezani polepole. Unga ulikuwepo, wa kutosha.

Shangazi alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, kama alivyokuwa akinawa kazini, akaniletea brashi.