Shahidi wa Jambo Asiloliona

Mjinga wa siku ile alikuwa Mistari, na tuseme mapema tusije tukamlaumu mtu mwingine. Saa sita na robo mchana alikuwa kwenye meza yake ya pasi, chumba cha nyuma cha duka la kufulia nguo, suruali ya sita ya mtu wa benki imelala mbele yake, na mdomo wake ukichapa kazi kuliko mkono.

Ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi saa sita, Risiti aliegemeza simu yake kwenye kopo la wanga na kuifungulia sauti hadi mwisho. Risiti ni mama mnene anayepokea nguo mbele; waliomwita hivyo walikuwa na sababu, maana hakumpa mtu shati lake bila risiti, hata angekuwa mumewe. Kwenye simu alikuwa wakili mmoja mwanamke anayejibu maswali ya watu mtandaoni, bure. Na kwa saa ile moja, pale dukani kila mtu alikuwa mwanasheria.

"Mwenye nyumba amening'olea mlango ili nihame," wakili alisoma. "Je, anaruhusiwa?"

"Haruhusiwi!" Mistari akamjibia kabla wakili hajafungua kinywa. "Mlango wake, lakini baridi ni yako. Mshtaki!"

"Tumeishi miaka kumi na minne bila kufunga ndoa, sasa ameoa mwingine. Nina haki gani?"

"Ya kwenda harusini na kula mpaka wakufukuze," akasema Risiti, na duka zima likacheka.

Kisha likaja swali la mwanamke asiyetaka jina lake litajwe. Wakili alilisoma taratibu.

"Niliomba likizo nikamuuguze mama yangu. Meneja akanipa karatasi, akasema ni fomu ya likizo, saini hapa. Nikasaini, gari lilikuwa linaniacha. Siku ya kurudi akanipigia simu nisije, nakala yangu ipo kwa mlinzi wa usiku. Kumbe nilisaini kuacha kazi kwa hiari yangu. Na chini pameandikwa kwamba nilisomewa, nikaelewa, mbele ya shahidi. Shahidi huyo sikumwona wala simjui. Je, nimeshapoteza?"

Watu walisogea karibu na simu. Mashine, kwa bahati, ilikuwa imemaliza kuzunguka.

"Karatasi ya kudanganywa inapingwa, mama," wakili alijibu. "Lakini kinachokubana si meneja, ni huyo shahidi. Kwa sahihi yake, kila mtu atasema ulielewa. Shahidi ndiye kufuli."

"Shahidi gani huyo?" Risiti alifoka. "Mtu au mbwa?"

"Usimtukane mbwa," Mistari akasema. "Mbwa akimwona mwizi hubweka."

Watu wakacheka, na kicheko ni pombe. Mistari akaweka pasi kando, akatoa simu yake, akaandika kwa herufi kubwa mahali pa maoni: SHAHIDI WA NAMNA HIYO APIGWE PASI MAKALIONI, TENA YA MVUKE. Akatuma. Kando ya maneno hayo ilikaa picha yake akiwa ndani ya suti ya kijivu ya mteja, suti aliyoivaa dakika tano kabla mwenyewe hajaja kuichukua.

"Kuna ndugu hapa mwenye suti nzuri," wakili alisema akijizuia kucheka, na akayasoma maneno yale mbele ya watu elfu mbili na kitu. Risiti alimpiga Mistari kofi la mgongo. Mistari akainamisha kichwa kama bwana harusi.

"Mama ameongeza," wakili akaendelea. "Anasema kazi yake ilikuwa kutoa madoa, miaka kumi na mmoja, duka moja. Yuko ofisi ya kazi tangu asubuhi. Leo ni siku ya thelathini tangu aachishwe, ndiyo ya mwisho kupeleka malalamiko. Karani anamtaka shahidi, naye mama anachokijua ni sahihi tu, imekaa kama mkia wa panya aliyekanyagwa. Basi mama, una mpaka wafunge saa tisa na nusu. Na huyo shahidi, kama ana masikio, ajitokeze."

Risiti aligeuka polepole kuitazama meza ya pembeni. Brashi tatu zilikuwa zimekauka, chupa za dawa zimeshika vumbi shingoni.

"Kutoa madoa? Si dada yetu huyo? Si tuliambiwa amepata pazuri zaidi?"

Waliambiwa hivyo, na walimsengenya mwezi mzima kwa kuondoka bila hata kwaheri. Lakini Mistari hakuwa akiwaza kwaheri. Alikuwa akiwaza panya.

Sahihi ile aliibuni mwenyewe zamani, kwenye gazeti la kufungia nguo, akijizoeza mpaka mkia ukajikunja sawasawa. Na mwezi mmoja nyuma meneja alimwita ofisini, akamvutia kiti, akamwambia, "Mzee, wewe ndiye mtu mzima hapa. Dada anakwenda likizo, niwekee sahihi ya shahidi." Miwani ya Mistari ilikuwa imejaa mvuke. Hakuifuta. Mtu aliyeitwa mtu mzima na kuvutiwa kiti hawezi tena kuanza kupangusa miwani kama mwanafunzi. Aliweka sahihi pale kidole cha meneja kilipoelekeza, na usiku alimsimulia mkewe jinsi anavyoheshimiwa kazini. Wiki iliyofuata alihamishiwa meza iliyo karibu na feni. Akadhani ni kwa ajili ya ufundi wake.

"Mistari, unaunguza!" Risiti alipiga kelele.

Suruali ya mtu wa benki ilikuwa ikitoa moshi kwenye goti. Hakuitazama. Alivua aproni, akapita moja kwa moja hadi ofisi ya meneja, akasimama mlangoni.

"Bosi, ile karatasi niliyosaini mwezi uliopita. Ilikuwa ya likizo?"

Meneja alikuwa akila karanga na kuhesabu vibanio vipya. Hakushtuka hata kidogo.

"Kwani hukuisoma?"

"Uliniambia ni ya likizo."

"Mimi nilikuambia uje kushuhudia, ukashuhudia. Leo ukisema hukuona kitu, basi aliyemdanganya mwenzake ni wewe." Akamenya karanga nyingine. "Mkataba wako wa miezi mitatu unaisha Jumatatu, sivyo? Nilikuwa nautafuta niuandike mpya. Rudi mezani, mzee wangu. Joto la leo lisikupande kichwani."

Mistari alirudi mezani. Tusimpambe: alirudi, akashika pasi, akanyoosha mguu mmoja wa suruali nyingine. Mkono ukawa unakwenda na moyo umesimama. Angeweza kunyamaza. Duniani watu wawili tu walijua mkia ule ni wa nani, na mmoja wao alikuwa akila karanga. Saa nane kasoro akachomoa waya wa pasi ukutani.

"Unakwenda wapi?" Risiti akamuuliza.

"Nakuja."

"Umepauka wewe. Umekula nini?"

"Maneno yangu," akasema, akatoka.

Nauli ilikuwa imepanda tena Jumatatu, kwa hiyo alitembea, akipita kivulini pale palipokuwa na kivuli. Njiani simu ilitetemeka mara kumi na kitu. Watu wasiomjua walikuwa wakimpongeza. Mmoja aliandika, "Wewe ndiye mwanaume, kaka." Aliizima.

Ofisi ya kazi ilikuwa vyumba viwili na ukumbi wenye mabenchi. Ukutani pameandikwa HUDUMA ZOTE NI BURE, na chini ya maandishi hayo mtu amekaa kwenye kigoda akiuza fomu. Karibu na mlango kulikuwa na ubao wa matangazo wenye orodha za mashauri, majina ya watu yamebandikwa juani.

Alimwona yule dada wa madoa kwenye benchi la mwisho. Alikuwa amepungua, bahasha imelala mapajani, vidole vyake bado na ile ngozi nyeupe ya dawa za madoa. Waliitana shemeji kwa kuwa alitoka mji mmoja na mke wa Mistari, na ndiye aliyemuuguza mke huyo alipojifungua mtoto wa mwisho.

Alipomwona akasimama, uso ukafunguka wote.

"Shemeji! Jamani, si huyu hapa!" Akawageukia wenzake wa benchi. "Huyu ndiye mwenye suti! Ndiye aliyesema yule shahidi apigwe pasi!"

Benchi likacheka. Mzee mmoja akanyoosha mkono apewe tano.

"Nilikuwa nimekata tamaa, shemeji," yule mama akaendelea, macho yanalengalenga. "Mwezi mzima sijamwambia mtu. Ningewaambia nini, kwamba mtu mzima nimesaini nisichokisoma? Nyumbani kwa wakwe wananiita msomi. Niliposikia maneno yako, nikasema, kumbe bado nina watu."

Mistari alitamani sakafu ifunguke, lakini sakafu za serikali ni za saruji.

"Shemeji, kaa."

"Nimekaa tangu saa mbili, acha nisimame."

"Kaa, tafadhali." Naye akabaki amesimama, maana alihisi hastahili benchi. "Nionyeshe hiyo karatasi."

Akaitoa. Mistari akaitazama kwa mara ya kwanza, miwani ikiwa kavu. Ilikuwa na mistari saba tu. Mtoto wa darasa la tatu angeimaliza kabla ya kupiga chafya.

"Huu mkia," akasema, akiuwekea kidole. "Ni wangu."

Yule mama alitabasamu kwanza, akidhani ni utani wake wa kawaida. Kisha tabasamu likakaa pale usoni bila kazi, likaondoka lenyewe. Mzee aliyepewa tano akautazama mkono wake.

"Ulikuwa wapi niliposaini?"

"Sikuwepo. Niliitwa baadaye."

"Ukasoma?"

"Miwani ilikuwa na mvuke."

"Nimekuuliza kama ulisoma."

"Sikusoma."

Yule mama hakupiga kelele. Alikunja karatasi kwenye mikunjo yake ileile, akairudisha kwenye bahasha, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na dakika hamsini.

"Twende kwa karani," akasema. "Mengine nitayalia baadaye."

Karani alikuwa kijana mwenye tai fupi na muhuri uliofungwa kamba mezani, usiibiwe. Alimsikiliza Mistari huku akiendelea kuandika kitu kingine.

"Ulimwona huyu mama akisaini?"

"Hapana."

"Ulimsomea?"

"Hapana."

"Sasa ulishuhudia nini?"

"Kidole cha meneja," Mistari akasema, na hakuwa akitania.

Karani akainua macho. "Maelezo ya shahidi yanatakiwa nakala tatu na muhuri wa mwajiri."

"Mwajiri ndiye tunayemlalamikia," yule mama akasema.

"Najua, mama. Fomu haijui." Akakuna kidevu. "Haya, nitapokea bila muhuri, nitaandika utafuata. Lakini mzee, nikuambie kabla hujachafua karatasi. Ukiandika hivyo ulivyosema, umekiri kushuhudia uongo. Hilo ni kosa. Meneja ana wakili, tutamwandikia barua, atajibu anasafiri, tutamwandikia nyingine. Wewe jina lako na makazi yako vitakuwa hapa. Wa kupatikana kwanza ni wewe." Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekuelekeza choo kilipo.

Akasukuma karatasi tupu na kalamu. Saa tisa na dakika tano.

Mistari akaandika jina lake. Akaandika kazi yake. Kalamu ikakwama.

"Shemeji," akanong'ona, "naona tuandike hivi. Nilikuwepo, ila mashine zilikuwa na kelele, sikusikia vizuri ulichosomewa. Si inasaidia hiyo?"

"Inamsaidia nani?"

"Sote wawili."

"Hukuwepo."

"Najua sikuwepo! Lakini umemsikia huyu. Nina watoto wanne."

"Na wangu ulidhani ni vyungu?"

Karani akakohoa, akaanza kupanga mafaili ya kufungia siku. Nje, muuza fomu alikuwa akikunja kigoda chake.

"Sijakataa kuandika," Mistari akasema, jasho likimtoka puani. "Kazi ikienda, na iende, nitapiga pasi barazani. Ila si maneno hayo. Jina langu litabandikwa pale mlangoni, mzee mzima, kashuhudia asichokiona. Mke wangu atapita, wanangu watasoma, na leo watu elfu mbili wamesikia mdomo wangu. Nitauficha wapi uso? Niachie hata hizo kelele za mashine, shemeji. Hiyo aibu siiwezi."

Yule mama alimsogezea karatasi karibu zaidi, akaibana kwa kidole ili isipeperushwe na feni.

"Aibu hiyo nimekubebea mwezi mzima, nikidhani ni yangu. Shika mzigo wako. Andika."