Tumbo la Nyuki wa Mama Dija

Mwinyijuma wa Kaole hakuogopa bahari wala nyoka, ila nyuki wa mkewe, Mwanabaraka, aliwaamkia kwa mbali. Basi Mwanabaraka alipokwenda Msata kumlea binti yao Dija aliyejifungua, alimwachia mizinga sita na neno moja: "Watazame tu, usiwaguse."

Siku ya nne akakuta nyuki kama kumi na tano wamekufa mlangoni mwa mzinga wa pembeni. Akadhani ni maradhi. Akachukua dawa ya kuku wanaoharisha, akaikoroga kwenye kisahani cha maji ya sukari, akakisukuma kwa kijiti kirefu hadi mlangoni, akatimka. Akafanya hivyo siku tano.

Arubaini ilipokwisha Mwanabaraka akarudi. Mzinga ule ulikuwa umepwaya, nyuki wa kuhesabu. Mwinyijuma hakungoja kuulizwa.

"Mama Dija, ni mimi. Niliwapa dawa ya kuku. Niliogopa utarudi ulie."

Mwanabaraka akashika kiuno. "Baba Dija! Wazee wao hufa kila siku, wenzao huwatoa nje. Si ungenipigia simu?"

Wakamwita Marselina, afisa nyuki. Akaufunua mzinga, akawaeleza taratibu: tumboni mwa nyuki mna vijidudu vyema, humsaidia kusaga chavua na kumkinga na maradhi. Dawa ile haikuchagua, iliviua vibaya na vyema.

"Na nyuki mchanga akitoka kwenye sega hana kitu tumboni," akasema. "Vijidudu huvipata kwa dada zake. Hapa dada wenyewe hawana cha kumpa. Waleteeni sega lenye nyuki walezi, kutoka mzinga wenye afya."

"Nimeharibu mimi, nitabeba mimi," Mwinyijuma akasema.

Akavaa vazi la mkewe, likamwishia katikati ya miundi. Mwanabaraka akatembea ubavuni mwake akipuliza moshi. "Polepole, mume wangu. Haya, hatua nyingine." Aliumwa mara nne, sega hakuliangusha. Walipomaliza mkewe alimkalisha barazani, akamkwangua miiba kwa ukucha, mmoja mmoja, huku akicheka na kumpa pole.

Mwezi wa pili tangu siku hiyo, nyuki wakawa wanapishana mlangoni mwa mzinga ule, miguu imejaa chavua ya njano. Mwanabaraka akamwita aje aone. Akaja, akasimama nyuma ya bega lake, wakatazama pamoja mpaka chai waliyoiacha barazani ikapoa.