Zoezi la Kumi na Nne

Kitabu cha mazoezi ya kutunga muziki nilikinunua kwenye mitumba ya Markiti, jalada limenyofoka, na kwa miezi minane hicho ndicho kilichokuwa mwalimu wangu. Mwalimu mkali. Zoezi la saba lilitaka wimbo wa noti tano tu. Niliutunga mara kumi na moja huku nauza misumari Kibokoni, dukani kwa Bwana Tayebali, vidole vikigonga kaunta.

"Wanza mamangu," akaniuliza siku moja, "wauza misumari ama wapiga ngoma?"

"Vyote, Bwana."

"Haya, basi mteja yuangoja wimbo umalizike."

Zoezi la kumi na nne ndilo lililonichosha zaidi: sauti moja ishikilie noti ileile, nyingine itembee juu yake. Nililifanya mara tatu, sikuona faida yake, nikafunua ukurasa kwa hasira. Nina hasira za karibu, sifichi.

Mwezi wa nane nikawa na wimbo kamili wa sauti nne. Nilitaka kitu kimoja tu: uimbwe Jumapili ya sikukuu ya kanisa letu Tononoka, jina langu liandikwe ubaoni. Kwaya yetu ina desturi hiyo, kila wimbo wa Jumapili huandikwa ubaoni pamoja na mtunzi wake. Miaka tisa nimesoma pale majina ya watu nisiowajua, wengi wao marehemu.

Mwalimu wa kwaya, Joab, hana maneno mengi. "Nakupa jioni moja," alisema. "Wimbo ukitushinda, tunarudi kwenye wimbo wa mwaka jana."

Nikaandika do-re-mi zangu ubaoni, wakaanza. Mstari wa kwanza, raha tupu! Wa pili, Zilpah wa sauti ya kwanza akatoa macho. Wa tatu, besi wakanyamaza mmoja mmoja, na Kadenge, mpakiaji wa magunia Shimanzi mwenye kifua kipana kama mlango, akainua mkono.

"Dada, hapa mtu anapumua wapi?"

Kwaya nzima ikaangua kicheko. Nikautazama ubao. Hapakuwa na pumziko hata moja. Wimbo wote nilikuwa nimeutungia kwenye kinanda kidogo cha plastiki, na kinanda hakina mapafu.

"Pumueni mtakapo!" nikafoka.

Joab akaanza kupekua karatasi za wimbo wa mwaka jana. Machozi yakanilengalenga.

"Ngoja, Mwalimu," Kadenge akasema. "Sisi kule bohari tukipakia huwa tunaimba. Nusu yetu wanashikilia sauti, nusu wanavuta pumzi, halafu tunabadilishana. Hakuna anayezimia."

Wanashikilia sauti! Zoezi la kumi na nne! Nikanyakua chaki, nikafuta besi yote kwa kiganja, nikawapa noti moja ndefu ya kushikilia wakati wenzao wanavuta pumzi, kisha nikageuza, wenzao washikilie na besi wapumue. Vumbi la chaki lilinijaa puani na nilikuwa nacheka peke yangu.

Tukaimba tena. Safari hii wimbo ulikwenda mpaka mwisho, na besi walipotulia kwenye ile noti yao, Zilpah alivuta pumzi akarudi juu huku anatabasamu. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Hata mlinzi wa getini alipiga makofi.

Joab akazikunja karatasi za mwaka jana, akachukua chaki. Aliandika jina la wimbo, kisha polepole, kwa mwandiko wake wa shule: Mtunzi, Wanza Mutua.

Nikalisoma. Nikalisoma tena, nimekauka palepale.

"Pumua, dada," Kadenge akaninong'oneza.